Kifua cha Mama Nyawira Shingoni mwa Mbwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Nyawira kule Giakanja, na yule aliyekuwa akiongoza shughuli akanipa kipaza sauti bila hata kunionya. Ati niseme vile nilivyomjua marehemu. Watu wenye akili wakipewa hicho kitu wanaanza na Bwana asifiwe na kumaliza na Bwana asifiwe, na hapo katikati wanatia maneno mazuri. Mimi nilisema Bwana asifiwe ya kwanza, halafu kichwa kikafungika, na kitu pekee kilichotoka mdomoni ni mbwa. Hema zima nikalieleza habari za mbwa aliyeitwa Meja, na kidonda chake, na ile kola. Watu walicheka mpaka mhubiri akajifunika uso na Biblia. Nyawira, binti ya marehemu, hakucheka. Lakini baadaye tukila akaja na sahani yake, akakaa kando yangu, akaniuliza kama mtu anayemuuliza shangazi yake, "Tata, hiyo maneno ya kifua ya Mami ilikuwa ya ukweli?" Nikamwambia yote ni ukweli, wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Akasema, "Basi andika, kwa sababu kwa kipaza sauti ulikuwa unarukaruka kama panzi." Kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza vizuri. Nikipotea njia nivumilieni, nitarudi.

Mwaka wenyewe ni ule nilioshuka kutoka Chaka kuja Nyeri mjini. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Wajukuu wangu wanasema hiyo si ujana, na mimi nawaambia wangoje wafike huku niliko ndipo tuongee. Kule Chaka nilikuwa nauza viazi kando ya barabara, upepo wa Mlima ukinipiga mgongo, na vumbi likinipiga mbele, kwa hivyo niliposikia kuna mama mwenye hoteli nyuma ya soko anatafuta mtu wa chapati, sikuuliza mara mbili. Hoteli kwetu si mahali pa kulala. Ni mahali pa kula: meza sita, viti ambavyo havikuzaliwa na mama mmoja, na sufuria za supu zinazochemka tangu alfajiri. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mbao, na nyuma yake ni chumba cha Mama Nyawira. Upande wa pili ukuta ulikuwa wa mabati, na nyuma yake ni duka la Mzee Salim, fundi cherehani. Kwa hivyo mwaka mzima niliishi kati ya watu wawili wanaoongea peke yao. Mama Nyawira aliongea na Mungu na mbwa kwa sauti ileile, na ilikuwa kazi kujua ni nani anayegombezwa. Mzee Salim aliongea na nguo. "Mkono huu mfupi, kwani umetoka wapi wewe?" Mimi sikutega sikio, lakini mabati ni mabati.

Sasa Meja. Huyo mbwa hakununuliwa na mtu. Alikuja wiki ile hoteli ilipofunguliwa, akalala mlangoni pa jikoni, na hakuna mtu aliyepata nguvu ya kumwambia aende. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani, sikio moja limesimama, lingine limekata tamaa. Wateja walimpenda kuliko walivyotupenda sisi. Kulikuwa na desturi pale, sijui aliianzisha nani, kwamba ukila nyama huondoki kabla ya kumpa Meja mfupa kwa mkono wako, na uache kidogo cha kung'olewa, usimpe mfupa uliosuguliwa kama jino. Nimeona mtu akigombezwa na meza jirani: "Wewe, hiyo ni mfupa ama ni kijiti? Wachia mzee kitu!" Tulikuwa na githeri, tulikuwa na ndengu na mchele wa Wang'uru ambao Karanja, mwuza mchele na mteja wetu, alileta mwenyewe kwa gunia na akabaki kuula, lakini siri ya hoteli ile, na nasema hivi nikiwa mpishi wa chapati na chapati zangu zilikuwa na jina, siri ilikuwa yule mbwa.

Kidonda kilianza kwa mguu wa nyuma, kitu kidogo kama alama ya chanjo. Meja akakiramba. Kesho yake kilikuwa kama kizibo cha soda. Akakiramba tena, kwa bidii, kama mtu aliyeandikwa kazi. Sisi wote tulifurahi. Hapo ndipo mjue tulivyokuwa, kwa sababu kila mtu pale, kutoka Mama Nyawira mpaka wachukuzi wa soko, aliamini ulimi wa mbwa ni dawa. "Mwacheni, anajitibu," walisema. Akajitibu mpaka mguu ukawa hauna manyoya kutoka goti kushuka chini, mwekundu, unanuka, na nzi wamejua njia. Na siku moja ya soko, hoteli imejaa, akaingia bwana afya.

Bwana afya huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, mpole sana, na mtu mpole akiwa na leseni yako mkononi ndiye wa kuogopwa. Aliagiza chai. Meja akaja, kwa adabu zake, akajilaza chini ya meza yake na kuanza kuramba. Ile sauti, mnaijua. Bwana afya akaweka kikombe chini. Akainama akaangalia. Akasimama akamwambia Mama Nyawira, "Mama, nitarudi mwisho wa mwezi. Nikipata huyu mbwa akiwa na hiyo kidonda, nafunga hoteli. Uchague." Na akalipa chai, jambo ambalo lilituumiza zaidi, kwa sababu mtu anayelipa huwezi kumsema.

Jioni hiyo, jua halijazama, nilimsikia Mama Nyawira kupitia kwa mbao. Nilidhani anaomba. Kumbe anaongea na Meja. "Nimeuliza yule wa buchari dawa ya kuua mbwa inauzwa wapi," alimwambia. "Akaniambia ni duka gani. Nimemtukana, ati amejua haraka sana. Sasa wewe nisaidie. Hoteli ndiyo inalipa shule ya Nyawira. Lakini mimi nitakuua aje? Niambie. Nitakuua aje, na nikianza hapa wewe ndiye ulikuwa mteja wa kwanza?" Nilitoka chumbani nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimeoshwa tayari.

Tukaanza dawa. Ya kwanza ilikuwa yangu: pilipili. Nilipaka pilipili kichaa kuzunguka kidonda, nisiguse nyama, nikasema akiramba mara moja atakoma. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ni mbwa wa hoteli, amelelewa kwa mabaki ya supu ya pilipili. Alilamba yote, akakaa akaniangalia kama mtu anayengoja chapati ya pili. Ya pili ilikuwa bandeji. Aliifungua kwa meno vizuri, akaila, na siku mbili tukawa tunangoja itoke. Ndipo Mama Nyawira akakubali kuita daktari wa mifugo, aliyekuja na pikipiki yenye harufu ya ng'ombe. Daktari akaosha mguu, akapulizia dawa ya buluu, akasema, "Hiyo dawa si shida. Shida ni ulimi. Ulimi wa mbwa unakwaruza, na kila akiramba anaondoa ngozi ile imeanza kushika. Mtafutie kola, kubwa, ipite mdomo, asifikie mguu. Asiivue hata kidogo. Hiyo ngozi inataka kuachwa tu." Mama Nyawira akamwambia, "Lakini mate yake si ni dawa?" Daktari, ambaye alikuwa kwenye chapati yangu ya tatu, akasema, "Mama, ingekuwa dawa mngekuwa mmeniita?"

Kola ya mbwa ya kuzuia kuramba hatukuwa tumewahi kuiona. Lakini mimi mtu wa Chaka nilijua kitu kinachofanana: ng'ombe akianza kujinyonya maziwa yake mwenyewe, na wako ng'ombe wezi hivyo, anafungwa fremu ya vijiti shingoni, vimesimama kutoka koo mpaka kifuani, asiweze kugeuza kichwa. Nikaitengeneza. Nilikata vijiti vya mti wa ua, nikafunga kwa kamba ya katani, na kazi ilikuwa nzuri, hata leo nasema ilikuwa nzuri. Ubaya ni kwamba ng'ombe hapiti chini ya meza. Meja alivalishwa saa ya chakula cha mchana, akasikia mtu akivunja mfupa kule pembeni, akaenda vile anavyoenda siku zote, kwa njia yake ya chini. Vijiti vikanasa mguu wa kiti, kiti kikanasa kitambaa cha meza, na Karanja wa mchele, mtu mzito, akateremka polepole na bakuli la ndengu likimfuata. Alikaa chini na ndengu kwenye mapaja, akasema bila hasira, "Mama Nyawira, huyu mbwa amebeba ua la nani?"

Mzee Salim alikuwa amesikia kishindo. Akaja akasimama mlangoni, tepu shingoni, kofia kichwani, na hakuvuka kizingiti kwa sababu ya Meja. Mzee Salim alikuwa Mwislamu wa pale mjini, babu yake aliletwa na reli au na jeshi, kila akisimulia ilibadilika, na mate ya mbwa kwake ni najisi: yakimgusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hakuwa na ugomvi na Meja. Walisalimiana kwa mbali miaka yote. Aliangalia vile vijiti, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa shati la kushonwa na mwizi. "Bi Wangari," akaniambia, "hiyo si kola. Hiyo ni zizi. Hebu chukua tepu, mpime shingo, mimi nitasimama hapa hapa." Nikampima. "Inchi ngapi? Usikaze! Weka vidole viwili ndani, apumue. Haya, sasa kutoka shingo mpaka ncha ya pua. Mwambie atulie." Nikamwambia atulie. "Mwambie anyooke, asijikunje mabega, wateja wote wanajikunja mabega." Meja akanyooka, naapa. Mzee Salim akaandika kwa chaki kwenye mkono wa koti lake, akasema kola ataishona kama ya shati lakini pana kama faneli, na ndani inataka kitu kigumu kisichovunjika wala kulowa. Kadibodi hapana, mvua ya hapa itaila. Akafikiri. "Picha ya eksirei," akasema. "Mna ya zamani?"

Nani hana? Kwetu mtu akipigwa picha hospitali, ile picha anaenda nayo nyumbani, na anaiweka chini ya godoro pamoja na hati ya shamba mpaka afe. Hata wakikuambia umepona, hutupi. Mama Nyawira alikuwa na ya kifua chake, ya mwaka aliokohoa sana, na alikuwa akiionyesha wageni mchana, anaishika dirishani: "Ona, pafu ni safi kama sahani." Tulipomwomba alikataa. "Kifua changu! Kwa shingo ya mbwa! Niko na adui hapa mjini, nyinyi mnajua?" Akaenda chumbani. Nikasikia godoro likiinuliwa, likashushwa, likainuliwa. Akatoka na bahasha ya kaki, akaniwekea mkononi bila kuniangalia, akasema, "Ambieni Salim asikate moyo. Akate pembeni."

Mzee Salim alikata pembeni. Ile kola ilikuwa nzuri kuliko nguo zangu. Pindo la kitambaa cha khaki cha sare za shule, laini upande wa shingo, vifungo vitatu nyuma na tundu zake zimeshonwa kwa mkono. Meja akitembea kwenye jua ungeona mbavu za Mama Nyawira zimezunguka uso wake, nyeupe kwa nyeusi, kama yuko ndani yake anachungulia. Siku ya kwanza alirudi nyuma nyuma kutoka jikoni mpaka barabarani, akidhani ataiacha mbele. Siku ya pili aligundua kwamba akibweka sauti inatoka kubwa, na kijana mmoja wa posta aliyekuwa na simu ya mkononi, peke yake kwetu, ambaye ilimbidi kupanda ngazi ya nje ili ishike, alikuja kulalamika kwamba hasikii mtu wa Nairobi. Watu wa soko wakaanza kumtania Meja: "Sasa Mama Nyawira ni wewe unatembea leo?" "Huyu mbwa ana kifua safi!" Mama Nyawira akajibu kila mtu, na akaanza kusimama wima zaidi, nafikiri alipenda.

Lakini kidonda kilikataa. Asubuhi ngozi imeshika, nyembamba kama ya maziwa yaliyochemka, na jioni imebanduka, mbichi tena. Tulimlaumu daktari, tulimlaumu Mzee Salim, na mwezi unaisha. Siku moja nikaacha chapati kwenye moto, nikasimama nyuma ya pazia la jikoni niangalie. Karanja alikuwa anakula nyama. Akamaliza, akaita "Meja, Meja," akamfungua vifungo vyote vitatu taratibu kabisa, akaweka kola kwenye kiti kingine kama kofia ya mgeni, akampa mfupa. Meja akala. Halafu akageukia mguu. Na Karanja akamwambia, kwa sauti ya mama, "Ramba, ramba kidogo, wanakunyima dawa yako." Alipotaka kuondoka alimvalisha tena, akamfunga vizuri. Nilipotoka na kumshika, meza nzima ikasema ndiyo, kila mtu hufanya hivyo, kwani utampa mtu mfupa akiwa amevaa ndoo? Mnafikiri ni heshima hiyo? Mama Nyawira alikuja na mwiko. Nilidhani anapiga mtu. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa ndogo sana. "Mkimfungua tena," akasema, "mimi ndiye nitampa sumu, kwa mkono wangu, na nyinyi ndio mtakuwa mmenunua." Hakuna aliyemaliza chakula chake.

Nimefikiria sana hilo, sasa nikiwa na muda wa kufikiria. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Nimelea watoto, nimezika mume, nimekaa na wagonjwa, na mara nyingi nimejikuta mkono wangu uko njiani kwenda kufungua kitu ambacho kingepona kikiachwa, na nikamkumbuka Karanja na kuweka mkono mfukoni. Kabla ya mwaka ule nilijua kupona ni kupakwa. Nilitoka mtu wa kupaka nikawa mtu wa kungoja, na kungoja ni kazi ngumu, hata chapati inajua.

Siku hiyohiyo vifungo vilitolewa. Kola ilishonwa ikiwa shingoni, na kwa sababu Mzee Salim hawezi kumgusa, nilishona mimi yeye akiniongoza kutoka kizingitini. "Sindano ielekee nje! Nje, dada yangu, huyo si gunia! Piga fundo. Lingine. Sasa hata mimi siwezi kulifungua." Wateja, walipokatazwa kufungua, walianza kukata nyama vipande na kumlisha mdomoni, mkono ukiingia ndani ya faneli mpaka kiwiko. Meja akanenepa. Na ile ngozi ikashika, ikakaa, ikawa ya kijivu, na siku moja nikiosha mguu kwa maji ya chumvi nikahisi kitu chini ya kidole, kama ndevu za kijana. Nikamwita Mama Nyawira. Akaweka kidole. Akaenda jikoni akawa huko muda mrefu.

Bwana afya alirudi kama alivyosema, siku ya soko, kalamu tatu. Vijiko viliwekwa chini mpaka ukasikia supu ikichemka. Meja akaletwa. Bwana afya akainama, akaangalia mguu, akasema, "Imekauka. Lakini hiyo ni kwa sababu amefungwa. Mkimfungua ataanza tena." Akanyooka. "Toeni hiyo kitu. Akiramba, nafunga." Mzee Salim alikuwa mlangoni na mkasi mdogo wa tundu za vifungo, akanirushia kwenye meza. Nilimkata nyuzi moja moja, na Mama Nyawira alikuwa amesimama kando ya sufuria, kifuniko kimegandamizwa tumboni kama ngao. Kola ikatoka. Meja akatikisa kichwa, masikio yakapiga pa-pa-pa. Akaangalia watu. Akaangalia mguu. Karanja akafunga macho. Kisha Meja akaketi, akauinua mguu huohuo, wa kidonda, akaupeleka polepole mpaka nyuma ya sikio lile lililokata tamaa, na akaanza kujikuna. Alijikuna kama mtu aliyetoka safari ya mwezi mzima, mdomo umepinda, macho yamezama, mguu mwingine unapiga sakafu bila ruhusa. Alikuna, akapumzika, akakuna tena. Alipomaliza akajilaza, akaweka kidevu juu ya kiatu cha bwana afya, akalala. Mguu hakuujulia hata hali.

Bwana afya alikaa hapo akashindwa kutoa kiatu. Aliichukua ile kola, akaishika kwenye mwanga wa mlango. "Hii ni ya nani?" Mama Nyawira akasema, "Ni mimi." Akaiangalia, akamwangalia, akairudisha kwa mikono miwili, jinsi unavyorudisha mtoto wa mtu. "Sawa, Mama. Mbwa hana shida. Huyu ndiye msafi hapa." Watu wakapiga makofi, mmoja akapiga meza, Mzee Salim kule mlangoni akavua kofia akaivaa tena. Ndipo bwana afya akatoa kiatu chake taratibu chini ya kidevu, akashika kalamu, akasema, kwa ule upole wake, "Sasa nionyeshe jikoni."

Jikoni, jamani. Mwezi mzima hatukuwa tumeosha kitu ila mguu wa mbwa. Masizi yalikuwa yananing'inia darini kama nywele, pipa la maji lina kitu kinachoogelea, na kwenye rafu ya chapati, kando ya unga, kulikuwa na ile dawa ya buluu. Alibandika karatasi mlangoni, ati tumefungwa mpaka tupake chokaa, tutengeneze dari na tuweke pipa jipya. Nilimgeukia Mama Nyawira nikidhani analia. Alikuwa ameketi sakafuni karibu na Meja, miguu imenyooshwa, akicheka mpaka hana sauti, akijipangusa na pindo la leso. Na siku zote tulipokuwa tukipaka chokaa, wateja walikuja mlangoni, wakasoma ile karatasi, wakachungulia ndani kwa wasiwasi wakauliza, "Woi, Mama, wamemchukua Meja?"

"Meja alipita mtihani," akawajibu kutoka juu ya ngazi, brashi mkononi. "Ni sisi tulianguka."